Mjue Paka Wako Angali Mzima: Uzi wa Utunzaji wa Paka na Afya ya Wanaoishi Naye

Mwanzisha uzi

Ndugu zangu, habari za wakati huu. Nimeishi na paka kwa zaidi ya miaka 20, na katika muda huo nimempoteza mmoja kwa ugonjwa ambao ungetibika kama ningeutambua jioni ulipoanza, si asubuhi iliyofuata. Naanzisha uzi huu kwa ajili yake. Nakusudia tuzungumze kwa utulivu namna ya kumtunza paka ndani ya nyumba, na namna wanaoishi naye wanavyoweza kuilinda afya yao bila hofu na bila uzembe.

Paka huyo alikuwa dume wa miaka 4, mnene kiasi, aliyezoea kula chakula kikavu na kunywa maji kidogo sana. Jioni moja nilimwona akiingia katika sanduku lake la mchanga, akachuchumaa, akakaa hivyo kwa muda mrefu kuliko kawaida yake, kisha akatoka na kujilamba chini ya mkia. Hazikupita dakika 5 akarudi tena. Aliingia na kutoka mara nyingi jioni ile, na kila nilipoutazama mchanga niliukuta mkavu, isipokuwa tone moja lenye wekundu ambalo nililiona nikalipuuza. Nilidhani amefunga choo. Nilimchanganyia mafuta kidogo katika chakula, asikiguse, nami nikaenda kulala. Asubuhi nilimkuta nyuma ya kabati amejikunyata, na nilipompitishia mkono chini ya tumbo nilihisi kitu kigumu cha mviringo, mfano wa chungwa dogo. Alitoa mlio ambao sikuwahi kuusikia kwake. Kile kigumu kilikuwa kibofu. Tulimfikisha kwa daktari wa mifugo mchana, naye alijitahidi kadiri ya uwezo wake, lakini moyo ulikuwa umekwisha kulemewa.

Baadaye nilielezwa kilichotokea. Njia ya mkojo ya paka dume huwa nyembamba sana kuelekea mwisho, hivyo chembechembe za madini zikichanganyika na ute zinatosha kuiziba. Mkojo usipotoka, figo hushindwa kusafisha damu, potasiamu hupanda, na potasiamu ikizidi huvuruga mapigo ya moyo hadi yakasimama. Yote hayo huweza kutimia ndani ya siku 1 hadi 3. Kwa hiyo namwomba kila mwenye paka dume alichukue hili hata kama hatasoma mengine yote: dume anayechuchumaa mara kwa mara bila kutoa mkojo hasubirishwi hadi kesho, anapelekwa kwa daktari saa ile ile, hata kama ni usiku.

Tangu siku hiyo nimeshika imani moja, nayo ndiyo kiini cha uzi huu. Paka ni mwindaji, lakini kwa udogo wa mwili wake ni windo pia, na mnyama wa namna hiyo huficha udhaifu wake mpaka asiweze kuuficha tena. Anayesubiri dalili kubwa atachelewa. Inabidi umjue paka wako angali mzima, ujue anakula kiasi gani, anapumua vipi, anaacha madonge mangapi ya mkojo mchangani kwa siku, analala wapi na anaruka juu ya nini, ili siku atakapobadilika kidogo tu wewe ushtuke.

Mimi nina daftari dogo la jambo hili. Kila mwanzo wa mwezi nampima uzito kwa njia rahisi: napanda juu ya mizani nikiwa nimembeba, kisha napanda peke yangu, na tofauti ndiyo uzito wake. Paka wengi waliokomaa huwa kati ya kilo 3.5 na 5. Nusu kilo inaonekana ndogo, lakini kwa paka wa kilo 4.5 kuipoteza ni sawa na mtu wa kilo 70 kupungua karibu kilo 8, na hakuna nyumba ambayo mtu angepungua hivyo pasipo yeyote kuuliza. Jicho peke yake halitoshi, kwa kuwa manyoya huficha mbavu. Mkono na mizani havidanganywi na manyoya.

Jambo la pili ninaloliandika ni pumzi. Akiwa amelala usingizi mzito, natazama ubavu wake ukipanda na kushuka, nahesabu kwa sekunde 30, kisha nazidisha mara mbili. Paka mzima aliyelala hupumua chini ya mara 30 kwa dakika. Idadi ikizidi hapo kwa siku mbili tatu mfululizo, hata kama anakula vizuri, moyo au mapafu yanastahili kuchunguzwa. Akionekana anahema mdomo wazi, hilo si joto wala uchovu wa kawaida kama tuonavyo kwa mbwa, ni dharura.

Fizi pia zinasema mengi. Inua mdomo wa juu taratibu: rangi inapaswa kuwa ya waridi, na ukiibonyeza kwa kidole ikageuka nyeupe, inapaswa kurejea ndani ya sekunde 2. Fizi zilizopauka, za manjano, au zenye rangi ya kahawia au buluu, zote zinadai daktari. Kuhusu joto la mwili, la paka ni kati ya nyuzi 38 na 39.2 za Selsiasi, juu kuliko letu, kwa hiyo masikio yenye uvuguvugu si homa. Pua kavu nayo haithibitishi lolote.

Kuhusu chakula nitasema kwa ukali kidogo, kwa sababu nimeona paka wengi wakidhulumiwa na watu wanaowapenda. Paka hawezi kuishi bila nyama. Mwili wake hautengenezi kirutubisho kiitwacho taurini kwa kiasi cha kutosha, naye huipata katika nyama na samaki. Akiikosa kwa muda mrefu, macho hupofuka na misuli ya moyo hulegea na kutanuka. Mwaka 1987 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba paka waliokuwa na ugonjwa huo wa moyo walipata nafuu walipopewa taurini, na tangu hapo watengenezaji wa vyakula vya paka wameongeza kiasi chake. Chakula cha mbwa hakikidhi haja hiyo, wala mabaki ya wanga yaliyorowekwa mchuzi. Maziwa, ambayo karibu kila picha ya paka inayaonyesha, huwaharisha wengi wao, kwa kuwa wakishakua hupoteza uwezo wa kumeng'enya sukari iliyomo. Kitunguu maji na kitunguu saumu, viwe vibichi, vimepikwa au vya unga, huharibu chembe nyekundu za damu. Mchuzi uliopikwa na kitunguu kwa hiyo si wake.

Maji nayo yapewe uzito wake. Asili ya paka wa nyumbani ni paka pori wa nchi kame, ambaye figo zake zilizoea kubana maji, na desturi hiyo ya kunywa kidogo imebaki. Chakula laini kina maji karibu robo tatu ya uzito wake, ilhali kikavu kina takriban sehemu 1 kati ya 10. Tangu nilipompoteza yule dume, wote waliofuata wamekula chakula laini angalau mara moja kwa siku, na bakuli za maji nimeziweka mbali na chakula na mbali zaidi na sanduku la mchanga, katika vyumba tofauti. Sanduku lenyewe liwe kubwa, lisafishwe kila siku, na kama paka ni wawili basi masanduku yawe matatu.

Neno la mwisho kabla sijawakaribisha: paka aliyegoma kula kwa siku 2 asiachwe kwa kudhani kwamba anadeka. Akiwa mnene, mafuta ya mwilini huanza kumiminika kwenye ini kwa wingi lisioumudu, na ini likishajaa mafuta ugonjwa mpya unazaliwa juu ya ule wa kwanza. Karibuni kwa maswali na kwa nyongeza.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mwanzisha uzi, pole kwa msiba huo, na ahsante kwa kuueleza. Mke wangu ana ujauzito wa miezi 3, na kila mgeni anayeingia hapa anatuambia tumtoe paka kwa sababu ataleta maradhi kwa mtoto aliye tumboni. Tunaye paka huyu kwa miaka 6, hatoki nje. Mke wangu analia akifikiria kumtoa, nami sitaki kuchezea afya ya mtoto. Nifanye nini?

Mwanzisha uzi

Ndugu yangu, wageni wako wamelisikia jambo la kweli, ila wamelisikia nusu. Ugonjwa wenyewe unaletwa na kimelea kiitwacho Toxoplasma gondii, na ni kweli kwamba mama akiambukizwa kwa mara ya kwanza akiwa mjamzito, mtoto anaweza kudhurika macho na ubongo, au mimba ikatoka. Kimelea hiki kilielezwa mwaka 1908 na Charles Nicolle na Louis Manceaux mjini Tunis, lakini ilipita zaidi ya miaka 60 kabla haijathibitishwa kwamba mayai yake huzalishwa katika utumbo wa paka. Ndipo paka akapata lawama yote, na njia nyingine za maambukizi zikasahauliwa.

Fuatana nami hatua kwa hatua. Paka huambukizwa akila panya, ndege au nyama mbichi. Baada ya maambukizi ya kwanza hutoa mayai katika kinyesi kwa wiki 1 hadi 3, kisha kwa kawaida hukoma. Mayai hayo yakitoka hayaambukizi papo hapo; yanahitaji siku 1 hadi 5 yakomae. Maana yake ni kwamba kinyesi kinachoondolewa kila siku huondoka kabla hakijawa hatari. Paka wa miaka 6 asiyetoka nje, asiyekula nyama mbichi, ana nafasi ndogo sana ya kuwa katika wiki hizo. Kumshika na kumpapasa si njia ya kawaida ya kuambukizwa, kwa sababu hujisafisha kabla mayai hayajakomaa juu ya manyoya.

Watu wengi huambukizwa kwa nyama isiyoiva, mboga zisizooshwa vizuri na udongo wa bustani, kwa kuwa mayai yaliyokomaa huishi udongoni kwa miezi mingi. Kwa hiyo fanya hivi: sanduku la mchanga liwe kazi yako kuanzia leo, kila siku bila kuruka hata moja, ukiwa umevaa glavu na ukinawa kwa sabuni baadaye. Nyama yote ya nyumbani iive hadi ndani. Mke wako akigusa udongo avae glavu. Msichukue paka mpya, hasa mtoto wa paka, katika miezi hii. Kisha mweleze daktari wa kliniki ya wajawazito kwamba mna paka, na mumwombe ushauri juu ya kipimo cha damu kinachoonyesha kama mama alikwisha kupata kinga zamani. Paka wenu abaki.

Mchangiaji wa pili

Nami nina shida ya viroboto. Nimemwosha paka wangu mara 3 mwezi huu, wanaisha siku 2 kisha wanarejea wengi zaidi. Jirani ana dawa ya mbwa wake ya kudondosha mgongoni, akanishauri nitumie robo yake. Je, robo inafaa kwa paka wa kilo 4?

Mwanzisha uzi

Tafadhali usitumie hata tone, na kama umekwisha kuitumia acha kusoma hapa uende kwa daktari. Dawa nyingi za viroboto vya mbwa zina permetrini, sumu ya kuua wadudu, kwa kiwango kikubwa. Ini la mbwa huivunja. Ini la paka halina uwezo huo, na sumu hubaki ikishambulia neva. Paka huanza kutikisika masikio na ngozi, kisha hutetemeka mwili mzima, kisha hupata degedege. Aliyepakwa kwa bahati mbaya aoshwe mara moja kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya kuoshea vyombo, afungwe taulo asipate baridi, apelekwe. Kugawa kipimo hakusaidii, kwa kuwa tatizo ni kile kilichomo.

Ini hilo hilo ndilo linalofanya parasetamoli iwe sumu kwa paka. Kidonge 1 tunachomeza sisi kwa maumivu ya kichwa kinaweza kumuua: damu hupoteza uwezo wa kubeba oksijeni, fizi hugeuka kahawia, uso na miguu huvimba. Nimewahi kupokea simu ya rafiki aliyekuwa amekwisha kumpa paka wake nusu kidonge kwa huruma, kwa sababu alikuwa anachechemea. Alipona kwa kuwa dawa ya kuzuia sumu ilipatikana ndani ya saa chache. Dawa za binadamu za maumivu, zote, ziwekwe ndani ya kabati na zisivuke mkono wa mtu kwenda mdomoni mwa paka bila kauli ya daktari. Na kwa kuwa tumefika kwenye sumu, maua ya lili yasiingie kabisa katika nyumba yenye paka. Majani, petali, hata chavua iliyomdondokea akailamba, vyote huua figo zake ndani ya siku chache, na maji ya chombo cha maua nayo ni sumu.

Sasa viroboto vyenyewe. Unaowaona juu ya paka ni sehemu ndogo tu ya waliopo. Jike mmoja hutaga mayai yapatayo 40 hadi 50 kwa siku, yanaporomoka kutoka manyoyani kama chumvi kutoka kwenye kitambaa, yanaangukia pale paka anapolala. Huko huanguliwa, hugeuka viwavi, kisha hujifunga ndani ya vifuko ambavyo dawa nyingi hazipenyi, wakisubiri hata miezi kadhaa hadi wahisi mtikisiko na joto la mwili unaopita. Ndiyo maana kuosha paka pekee kunakukatisha tamaa. Fua matandiko yake kwa maji ya moto kila wiki, fagia au vuta vumbi chini ya makochi na kwenye nyufa za sakafu kila siku, tupa taka nje papo hapo, na upate kwa daktari dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya paka na kwa uzito wake, uitumie kwa wanyama wote wa nyumba kwa miezi 3 mfululizo bila kuacha. Ukiona vitu kama punje za mchele chini ya mkia au pale alipolala, hizo ni pingili za tegu, ambaye paka humpata kwa kumeza kiroboto akijilamba. Atahitaji dawa ya minyoo pamoja na ile ya viroboto, la sivyo atampata tena.

Mchangiaji wa tatu

Nimefanya kazi ya uuguzi kwa miaka mingi, naomba niongeze juu ya kuumwa na kuparuzwa, kwa sababu ninaowaona huja wamechelewa. Jeraha la meno ya paka hudharauliwa kwa kuwa linaonekana kama tundu la sindano. Hapo ndipo hatari ilipo: jino jembamba hupenyeza bakteria ndani kabisa, kisha ngozi hujifunga juu yao. Bakteria aitwaye Pasteurella multocida anaishi mdomoni mwa paka wengi wazima, na mkono ulioumwa asubuhi unaweza kuwa umevimba, mwekundu na wenye maumivu makali kabla ya siku kwisha. Akiumwa kwenye kiungo cha kidole au kifundo cha mkono, mtu asingoje uvimbe. Aje apewe dawa mapema na aangaliwe kinga yake ya pepopunda.

Huduma ya kwanza ni moja, nayo ni ya bure. Osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili ukitazama saa. Watu hudhani wameosha dakika 15 ilhali wameosha 2. Baada ya hapo usilizibe kwa nguvu, njoo hospitali. Kama paka hafahamiki, hana chanjo, au mwenendo wake umebadilika ghafla, lazima kichaa cha mbwa kifikiriwe. Binadamu wengi mno huupata kutoka kwa mbwa, lakini paka pia huubeba. Kwa kawaida dalili huchukua miezi 1 hadi 3 kujitokeza, na katika muda huo sindano za chanjo huokoa maisha. Dalili zikishaanza, karibu kila mgonjwa hufa. Kwa hiyo mtu asikae nyumbani akimtazama paka kama atakufa au hatakufa. Aanze matibabu, mengine daktari ataamua.

Kuna pia homa ya mparuzo wa paka, inayoletwa na bakteria wa jina Bartonella henselae. Mtoto anaparuzwa mkononi, baada ya wiki 1 au 2 tezi za kwapa zinavimba, na mzazi hakumbuki mparuzo. Mtajieni daktari kwamba nyumbani kuna paka. Neno hilo moja hufupisha uchunguzi. Paka hubeba bakteria huyu kupitia viroboto, hivyo alichosema mwanzisha uzi juu ya viroboto kinawahusu watoto wenu pia. Kwa mwenye kinga dhaifu, kwa sababu ya ugonjwa au matibabu, mparuzo mdogo usichukuliwe kuwa mdogo.

Mwanzisha uzi

Dada yangu, au kaka, ahsante sana. Naongeza moja tu: mipira ya kuchezea na kamba ndivyo vitu vya kumchezesha paka, mikono na miguu ya watu isiwe kamwe. Mtoto wa paka aliyefundishwa kuwinda vidole atawinda vidole akiwa na meno ya utu uzima. Kamba nazo zifichwe mchezo ukiisha. Paka akimeza uzi, uzi huo hukwama na utumbo hujikunja juu yake. Ukiona uzi unaning'inia mdomoni au chini ya mkia usiuvute, kwa kuwa unaweza kukata utumbo ndani.

Mchangiaji wa nne

Binti yangu ana pumu, na daktari amesema ana mzio wa paka. Nimemnyoa manyoya paka lakini hakuna nafuu.

Mwanzisha uzi

Pole kwa binti. Mzio mwingi wa paka hautoki kwenye manyoya yenyewe, unatoka kwenye protini iliyo katika mate na katika tezi za ngozi, ambayo paka akijilamba huipaka mwilini, ikikauka hupeperuka na vumbi lililo jepesi sana. Kumnyoa kwa hiyo hakuondoi chanzo, tena kunamsumbua. Chumba cha kulala cha mtoto kifungwe kwa paka mchana na usiku, mapazia na mazulia mazito yapungue, na vumbi lifutwe kwa kitambaa chenye maji badala ya kupeperushwa kwa ufagio. Lakini kama kifua kinaendelea kubana licha ya hayo na licha ya dawa, nakuomba umtafutie paka nyumba nyingine njema. Nawapenda paka kuliko ninavyoweza kueleza, ila pumu inaua watoto. Fahamu pia kwamba vumbi hilo hubaki nyumbani kwa miezi kadhaa baada ya paka kuondoka, hivyo usikate tamaa katika wiki za mwanzo.

Mchangiaji wa tano

Paka wangu ni jike wa miaka 13. Anakula vizuri, hata zaidi ya zamani, na anakunywa maji mengi. Nilifurahi kuona hamu yake ya kula, lakini baada ya kusoma ushauri wa mizani nimempima leo. Ana kilo 3.1, na cheti chake cha chanjo cha mwaka jana kinasema 3.9.

Mwanzisha uzi

Mpeleke wiki hii, ndugu yangu, usiache hadi mwezi ujao. Paka mzee anayekula sana huku akikonda, mara nyingi ana tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi au kisukari. Anayekunywa sana na kukojoa sana anaweza pia kuwa na figo zinazochoka, na figo huwa zimepoteza karibu theluthi mbili ya nguvu yake ndipo dalili hiyo ionekane. Kipimo cha damu na cha mkojo, pamoja na shinikizo la damu, vitatenganisha hayo. Yote matatu yana matibabu yanayompa mnyama muda mwema, na kisukari cha paka, kikishughulikiwa mapema, wakati mwingine hutulia kabisa. Tangu miaka 10 paka apimwe mara 2 kwa mwaka. Mwangalie na viungo: kama ameacha kuruka dirishani au anakojoa pembeni mwa sanduku, si ukaidi, huenda ukingo wa sanduku umekuwa mrefu kwa magoti yanayouma. Mpe lenye ukingo mfupi.

Wenye paka wachanga nao wasisahau chanjo, zinazoanza akiwa na wiki 6 hadi 8 na kurudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 hadi afikishe wiki 16, na dawa ya minyoo kuanzia wiki za mwanzo, kwa kuwa minyoo hupita katika maziwa ya mama. Jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi 4 tu, na mimba ni wiki 9. Tafadhalini wafungwe kizazi mapema.

Mchangiaji wa tano

Tumetoka kwa daktari. Ni tezi ya shingo, na ameanzishiwa vidonge. Shida imekuwa njiani: alipoona kikapu cha kubebea alijificha, tukamtoa kwa nguvu, akaparuza, akajikojolea, na mapigo yake yalikuwa juu kiasi kwamba daktari alishindwa kuyasoma vizuri. Tunatakiwa kurudi baada ya wiki 3.

Mwanzisha uzi

Nimefurahi sana kwamba jina la ugonjwa limepatikana. Wiki 3 hizo zinatosha kulirekebisha la kikapu. Kitoe leo, kiondoe mlango, kiweke mahali anapopenda kulala, ndani utie kitambaa chenye harufu yake. Usimwite wala usimwingize. Weka kipande cha chakula mlangoni, kesho yake ndani kidogo, wiki ijayo mwisho kabisa. Atakapokuwa analala humo mwenyewe, rudisha mlango, ufunge kwa dakika 1 huku anakula, ufungue. Siku ya safari funika kikapu kwa taulo, kibebe kwa mikono miwili ukikiegemeza kifuani, usikining'inize mkononi kwa kishikio, na ukifika kwa daktari usikiweke sakafuni mbele ya mbwa bali juu ya kiti karibu nawe. Kabla ya kutoka, akiwa amelala, hesabu pumzi zake kwa sekunde 30 uziandike, umwonyeshe daktari. Hizo ndizo pumzi zake za kweli.